Usalama wa abiria huanzia gerejini, fundi asisahauliwe

KILA ajali mbaya inapotokea katika barabara kuu inayotoka Nakuru kuelekea Eldoret na Kericho, lawama huanza kugawanywa hata kabla ya maiti kuondolewa. Dereva hulaumiwa kwa kwenda kasi, polisi wa trafiki kwa kula hongo, mwenye gari kwa tamaa, na barabara yenyewe kwa ubovu wake.

Kuna mtu mmoja ambaye ni nadra kutajwa. Huyo ni makanika aliyelala chini ya gari hilo usiku wa kuamkia safari.

Kumsahau fundi huyu ni pengo kubwa katika sera ya usalama barabarani, ambayo serikali imekuwa ikiitia viraka kwa zaidi ya miaka 20.

Kanuni za marehemu John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zililazimisha matatu kuwa na vidhibiti mwendo visivyozidi kilomita 80 kwa saa, mikanda ya usalama na mstari wa manjano ubavuni. Madereva na makondakta walitakiwa kuvaa sare na kuajiriwa rasmi. Miaka kumi baadaye, kanuni za 2014 chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA) zikaamuru kila matatu iwe katika chama cha ushirika au kampuni yenye magari yasiyopungua 30. Aidha, gari la abiria sharti lipelekwe kukaguliwa kila mwaka.

Hatua hizo zilikuwa na manufaa yake. Hata hivyo, ukaguzi ni wa siku moja tu. Siku 364 zinazosalia, uzima wa abiria umo mikononi mwa makanika.

Katika eneo la kati la Bonde la Ufa, mikono hiyo ina kazi ngumu kuliko kwingineko nchini. Mji wa Nakuru uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ilhali Mau Summit inapita mita 2,400. Matatu inayotoka Eldoret au Kericho huteremka mwinuko huo wote ikipitia Migaa, Sachangwan na Salgaa, ikiwa imejaa abiria na mizigo.

Dereva anayetegemea breki pekee katika mteremko mrefu namna hiyo, badala ya kutumia gia ndogo, huzichemsha. Pedi zikipata moto kupita kiasi hupoteza uwezo wa kushika. Mafuta ya breki yaliyozeeka huwa yamenyonya maji. Yanapochemka hutoa mvuke, na dereva hukanyaga kanyagio likazama bila gari kusimama. Gari lililotiwa pedi duni laweza kuzunguka ndani ya mji kwa miezi bila kisa, kisha likamsaliti dereva siku ya kwanza ya kuteremka Sachangwan.

Msiba si mgeni katika ukanda huu. Desemba 31, 2017, watu 36 waliangamia basi na lori lilipogongana Migaa. Oktoba 2018, zaidi ya watu 50 walikufa katika ajali ya basi karibu na Fort Ternan. Juni 30, 2023, lori lililopoteza mwelekeo liliua watu wapatao 50 katika makutano ya Londiani, wengi wao wakiwa wachuuzi na abiria waliokuwa kando ya barabara. Si kila ajali husababishwa na ubovu wa gari. Lakini makosa ya dereva huwa mauti kwa urahisi zaidi gari linapokuwa bovu.

Swali ni, kwa nini gari bovu litoke gerejini? Jibu liko katika hesabu za biashara yenyewe.

Mwanachama wa kawaida wa ushirika wa matatu ana gari moja au mawili, mara nyingi ya mkopo. Gari likilala gerejini, hakuna pesa jioni, lakini benki inangoja. Dereva naye hulipwa kutokana na mapato ya siku. Kwa hivyo wote wawili humharakisha fundi: rudisha pedi ya zamani, tutanunua nyingine wiki ijayo. Fundi anayelipwa kwa kila kazi, bila mkataba, hana ubavu wa kukataa. Akikataa, gari litapelekwa kwa jirani yake, naye atalala njaa.

Ushirika ungeweza kumkinga, ila vyama vingi vimejikita katika kusimamia foleni steji, kukusanya ada za kila siku na kutoa mikopo. Matengenezo huachiwa kila mwenye gari na fundi wake. Baadhi ya kampuni kubwa za mabasi zina gereji zao, na hilo lathibitisha kwamba jambo hili linawezekana.

Tatizo la pili ni hadhi ya kazi yenyewe. Makanika wengi wa jua kali walijifunza kwa kushika spana kando ya fundi mkuu. Ujuzi wao ni wa kweli, lakini hauna karatasi. Mitihani ya gredi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA) ipo, ila fundi anayeacha kazi kwenda mtihani hupoteza riziki ya siku hiyo. Vilevile, jeki ikiteleza gari limwangukie, Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007 haitamfaa kwa urahisi, kwa kuwa hakuna anayekiri kuwa mwajiri wake.

Watakaopinga watasema kuajiri mafundi kutaongeza gharama, na hatimaye nauli. Hoja hiyo ina uzito. Lakini chama chenye magari 30 kikigawanya mishahara ya mafundi wawili au watatu, mzigo wa kila gari ni mdogo ukilinganishwa na hasara ya gari moja kuharibika njiani, sembuse kuua.

NTSA inapotoa leseni kwa chama, yafaa idai mambo matatu: fundi aliyeajiriwa kwa mkataba na mwenye cheti cha gredi, daftari la matengenezo ya kila gari, na mamlaka ya fundi huyo kuzuia gari lisiondoke bila sahihi yake. La tatu ndilo muhimu zaidi. Bila hilo, cheti kitatundikwa ukutani na pedi mbovu zitaendelea kurudishwa.

Upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit utapunguza magari kugongana ana kwa ana. Hata hivyo, barabara pana hualika mwendo wa kasi, na mteremko wa Sachangwan utabaki pale pale. Serikali inapotumia mabilioni ya pesa kwa lami, isisahau anayelala chini ya gari akiwa na spana mkononi.