Upepo wa Turkana na LUKU ya Mpanda: Vinakutana wapi?

Ukinunua umeme wa LUKU leo mjini Mpanda, upepo unaovuma kaskazini mwa Kenya haukupunguzii wala kukuongezea hata uniti moja. Bei ni ileile, asubuhi au usiku, masika au kiangazi.

Lakini nyaya zinazidi kuunganisha nchi za Afrika Mashariki, na umeme wa upepo sasa una njia ya kufika Tanzania. Kwa mkoa kama Katavi, ulioishi kwa jenereta za dizeli miaka mingi, jambo la kuangalia si upepo tu. Ni nani atakayenufaika ukivuma, na nani atakayelipa ukitulia.

Upepo unavyosogeza bei

Kwenye nchi zenye soko la jumla la umeme, bei hubadilika kila saa. Mitambo yenye gharama ndogo huingizwa kwanza, ya gharama kubwa huja mwisho. Mtambo wa mwisho kuhitajika ndio unaopanga bei ya wote.

Upepo haununuliwi, kwa hiyo mitambo yake huingia mapema. Ukivuma sana, mitambo ya gesi na makaa ya mawe inakaa pembeni na bei inashuka. Ukitulia, mitambo ghali inarudi na bei inapanda.

Ujerumani ni mfano mzuri. Mwaka 2024 bei ya jumla ilishuka chini ya sifuri kwa saa 457. Yaani wazalishaji walilipa ili umeme wao uchukuliwe. Kisha Desemba 12 mwaka huohuo, upepo ukiwa umetulia na jua likiwa hafifu, bei ya saa moja ya jioni ilifika euro 936 kwa megawati-saa, sawa na karibu euro 0.94 kwa uniti.

Machungu yalivuka mpaka. Norway inategemea umeme wa maji, lakini imeunganishwa kwa nyaya na majirani zake. Bei kusini mwa nchi hiyo ilipaa, na Waziri wa Nishati, Terje Aasland, akalalamika waziwazi.

Kenya: mkataba una nguvu kuliko upepo

Hapa kwetu, mtambo mkubwa wa upepo ni Lake Turkana Wind Power, kaunti ya Marsabit. Una mapangaboi 365 na uwezo wa megawati 310. Ulizinduliwa Julai 2019 na Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta.

Kenya haina soko la saa kwa saa kama la Ujerumani. Kenya Power inanunua umeme huo kwa mkataba wa miaka 20, kwa bei iliyopangwa kwa euro. Upepo ukiongezeka, bei ya uniti kwenye mkataba haishuki.

Mabadiliko yanaonekana kwingine. Upepo ukipungua wakati watu wanahitaji umeme mwingi, mitambo ya mafuta inawashwa. Gharama yake inaingia kwenye tozo ya mafuta ambayo Mkenya anaiona kwenye risiti ya tokeni, na ambayo hupangwa upya kila mwezi. Kwa kuwa mkataba ni wa euro, shilingi ya Kenya ikidhoofika nayo inaacha alama kwenye bili.

Usiku mambo yanageuka. Upepo unavuma vizuri huku watu wamelala, na mvuke wa Olkaria umewahi kulazimika kupunguzwa kwa sababu umeme umezidi mahitaji.

Kuna somo jingine. Mapangaboi yalikuwa tayari mwaka 2017, lakini njia ya kusafirisha umeme kutoka Loiyangalani hadi Suswa ilikamilika Septemba 2018. Kwa ucheleweshaji huo, Kenya ilibeba deni la mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukumfikia mtu yeyote.

Tanzania: bei imesimama, taa ndizo hucheza

Tanzania bado haina mtambo mkubwa wa upepo. Uliopo ni wa Mwenga, wilayani Mufindi, wenye megawati 2.4 tu. Miradi ya Singida na Makambako imezungumzwa kwa miaka mingi bila kufika kwenye gridi.

Kinachopanda na kushuka hapa nchini ni maji. Tanesco ndiyo mnunuzi na msambazaji mkuu, na Ewura ndiyo inayoidhinisha bei. Mteja mdogo wa nyumbani, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa Sh100 kwa uniti. Mteja wa kawaida na biashara ndogo hulipa Sh292, kabla ya kodi na tozo. Bei hizo zilianza Aprili 2016.

Sasa tazama kilichotokea. Septemba 2023 nchi ilipungukiwa na takriban megawati 400. Kwingine bei ya jumla ingepaa, lakini hapa ulikuja mgawo wa umeme. Machi 2024, mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ukiwa umeanza kazi, umeme ulizidi mahitaji. Ujerumani bei ingezama. Hapa Tanesco ilizima vituo vitano vya maji, na bei ya LUKU ikabaki palepale.

Kwa kifupi, Mjerumani anasoma hali ya hewa kwenye bei. Mtanzania anaisoma kwenye giza.

Katavi ilikuwa na upepo wake: dizeli

Kwa miaka mingi Mpanda haikuguswa moja kwa moja na bwawa wala gesi ya Mtwara. Umeme wake ulitoka kwenye jenereta, na mafuta yalisafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam. Kilichopandisha na kushusha gharama kilikuwa soko la mafuta duniani.

Hesabu yake si ngumu. Lita moja ya dizeli kwenye jenereta hutoa takriban uniti 3.5 hadi 4. Dizeli ikiwa Sh3,000 kwa lita, mafuta peke yake ni zaidi ya Sh750 kwa kila uniti. Bado hujaweka vipuri, matengenezo wala mishahara.

Uniti hiyohiyo inauzwa Sh292, au Sh100. Kwa hiyo kila megawati moja inayozalishwa kwa dizeli kwa saa moja inaacha pengo la zaidi ya Sh450,000. Pengo hilo Tanesco hulibeba, na mwisho wa siku linarudi kwa wateja wote au kwa Hazina.

Ndiyo maana ikajengwa laini ya kilovoti 132 ya takriban kilomita 380, kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga hadi Mpanda. Mwenye mashine ya kukoboa mpunga au kuchomelea vyuma hatarajii bei ya uniti ishuke kwa sababu ya laini hiyo. Anachotarajia ni umeme wa kutosha na usiokatika-katika.

Laini zikikutana

Mwishoni mwa 2024 gridi za Tanzania na Kenya ziliunganishwa kwa laini ya kilovoti 400 kutoka Singida hadi Isinya. Kenya nayo imeungana na Ethiopia. Laini ya kwenda Zambia inapitia Iringa, Mbeya na Tunduma na kufika Sumbawanga, jirani kabisa na Katavi. Upo pia mpango wa laini kubwa kutoka Mbeya kupitia Sumbawanga, Mpanda na Kigoma hadi Nyakanazi.

Nchi za kusini mwa Afrika tayari zina soko la kuuziana umeme wa siku inayofuata. Umoja wa umeme wa Afrika Mashariki, ambao Tanzania ni mwanachama, unaelekea hukohuko. Soko likishika kasi, Tanesco inaweza kununua umeme wa bei nafuu upepo ukivuma Turkana usiku, na kuhifadhi maji ya bwawa kwa ajili ya kuuza jioni, bei inapopanda. Inaweza pia kujikuta kama Norway, bei ya jirani ikiingia ndani.

Upepo wa Singida ungekuwa na faida ya ziada. Nyanda za kati huvuma zaidi wakati wa kiangazi, maji yanapopungua mabwawani. Tena Singida iko karibu na Tabora kuliko ilivyo Rufiji, hivyo umeme mdogo zaidi ungepotea njiani kuelekea Mpanda.

Ila upepo wa bure hauleti umeme wa bei rahisi wenyewe. Mambo matatu ndiyo yatakayoamua. Kwanza, mkataba uwe wa sarafu gani, na nani analipa umeme ukizidi? Pili, laini ikamilike kabla ya mapangaboi, si baada yake. Tatu, faida ya biashara ya mpakani iende wapi: kwenye madeni, kwenye bei, au kwenye nguzo na transfoma za mikoa iliyo mwisho wa gridi?

Kwa mwananchi wa Katavi, hilo la tatu ndilo kubwa. Bei ya LUKU inaweza kubaki Sh292 kwa miaka mingine. Lakini fedha iliyokuwa inaungua kwenye jenereta inapaswa kuonekana mahali fulani, na pa kwanza pa kuitafuta ni kwenye saa ambazo taa za Mpanda hazizimiki.