Huruma Isiyokimbia Kitanda cha Mgonjwa



Waumini kumi na wawili walijitolea kuzuru wagonjwa wodini kila Jumapili. Leo wamebaki watatu. Yamesemwa barazani kwamba walioacha wana mioyo migumu, nasi tukaona ni haki kuwauliza wenyewe kabla ya kuwahukumu. Mmoja wao, fundi seremala, alitueleza kuwa alimkuta kijana aliyeungua mkono, na tangu siku ile usingizi umemruka. Akiukumbuka mkono ule, wake nao humuuma. Mtu huyu hakupungukiwa na huruma hata kidogo. Ilimzidi, akaikimbia.

Maumivu hayo si ya kuwaziwa tu. Mwaka 2004, mtaalamu Tania Singer na wenzake jijini London waliwaingiza wanawake 16 katika mashine ya MRI, kila mmoja mwenzi wake akiwa kando. Mwanamke alipopigwa shoti ndogo ya umeme mkononi, sehemu ya ubongo iitwayo insula ilionekana kufanya kazi. Alipopewa ishara kwamba anayepigwa ni mwenzi wake, sehemu hiyohiyo ilifanya kazi tena. Kwamba waumini ni kama mwili mmoja tumefundishwa tangu madrasa, wala fundisho hilo halikuwa likingoja mashine. Jipya kwetu ni kwamba hali hii hufunzika.

Mwaka 2007 watafiti wa Taiwan waliwapima matabibu wanaotibu kwa kuchoma sindano. Walipotazama mtu akichomwa, insula zao hazikushtuka kama za watu wengine, bali sehemu za ubongo zinazotawala hisia ndizo zilizofanya kazi zaidi. Basi muuguzi tunayemwita katili kwa kuwa halii pamoja nasi, huenda ameuzoeza ubongo wake ili mkono usitetemeke. (Lugha chafu wodini hatuitetei, hiyo haina udhuru wa insula.)

Huko Chengdu, nchini China, utafiti wa mwaka 2016 ulikwenda mbali zaidi. Watu walionyeshwa kwenye skrini, papo hapo, jinsi insula zao zinavyofanya kazi, wakajifunza kuipandisha kazi hiyo kwa hiari. Waliweza hata skrini ilipoondolewa, na wakazidi kuwaonea uchungu watu waliokuwa wakiumia katika picha. Ni jambo la ajabu. Lakini je, seremala wetu anahitaji kuongezewa uchungu? La hasha!

Linalomfaa yeye ni lile lililochapishwa mwaka 2014 na Olga Klimecki, Singer na wenzao. Waliofunzwa kuyahisi maumivu ya wengine walizidi kuelemewa. Walipofunzwa baadaye kumtakia heri kwa upendo yule anayeumia, hisia njema ziliwarudia, ingawa taabu waliyoitazama ilikuwa ya namna ileile.

Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi lililipuka Mbagala, watu zaidi ya 20 wakafariki, na majeruhi wengi wakakimbiziwa Hospitali ya Temeke, hapa jirani. Siku kama ile, anayelia getini na anayebeba machela wote wana uchungu. Mmoja tu ndiye mwenye msaada kwa majeruhi, na hatuwezi kungoja mlipuko mwingine ndipo tuanze kuwafunza watu wetu.

Kwa hiyo tunaziomba kamati za misikiti zisimpeleke mtu wodini peke yake, wala zisimwache humo kutwa nzima. Wazuruji wakutane kwanza, wamwombee dua mgonjwa kwa jina lake, na kila mmoja apewe kazi ya mikono: kulisha uji, kufua shuka, kufuata dawa. Anayezidiwa atoke akanawe uso, asichekwe. Wakirudi, wasitawanyike kabla ya kuelezana waliyoyaona. Aidha, waalikwe wauguzi wastaafu waishio mitaani mwetu. Wanayajua mengi ambayo hatujawahi kuwauliza.

Seremala wetu amekubali kurudi, kwa sharti aende na mwenzake. Mwenzake huyo anatafutwa kabla ya Jumapili ijayo.