Mashindano ya ngalawa yasisubiri maafa



Natoa maoni yangu kuhusu mashindano ya vyombo vya baharini.

Wapo wenzetu wanaodhani kwamba ajali katika mashindano hayo huwapata wanyonge wenye vyombo vibovu tu. Hiyo si kweli hata kidogo. Mwezi Agosti 1979, mashua za tanga 303 ziling'oa nanga Cowes, Uingereza, kushindania Kombe la Fastnet. Zilitakiwa kuuzunguka mwamba wa Fastnet, kusini ya Ireland, kisha zimalizie Plymouth, safari ya maili za baharini zipatazo 600. Usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 zilikumbwa na dhoruba kali. Washindani 15 walikufa. Mashua 24 ziliachwa na mabaharia wake, na 5 zikazama. Zilizomaliza ni 86 tu.

Uchunguzi uliofanywa mwaka huo huo ulifichua mengi. Baadhi ya mashua hazikuwa na redio ya upepo ya kuombea msaada, kwa sababu kanuni hazikulazimisha. Mikanda ya kumfunga baharia na chombo chake, mingine ilikatika. La kusikitisha zaidi, mashua 19 kati ya zile zilizoachwa zilikutwa baadaye zingali zikielea, ilhali baadhi ya waliozikimbia na kuingia katika maboya ya mpira walikwisha kufa.

Huko Australia, Desemba 1998, mashua 115 zilitoka Sydney kwenda Hobart. Watu 6 walikufa na mashua 5 zikazama. Mwaka 2000, ofisa aliyechunguza vifo hivyo aliwalaumu waziwazi waandaaji kwa kutosimamia mashindano yao wakati hali ya hewa ilipochafuka. Kwa upande wa motaboti, bingwa wa dunia Stefano Casiraghi alikufa karibu na Monaco mwaka 1990 boti yake ilipopinduka. Baada ya msiba huo ndipo masharti ya usalama yakakazwa.

Kote huko kanuni ziliandikwa baada ya mazishi. Je, na sisi tungoje yetu?

Nimehudhuria mashindano kadhaa ya ngalawa hapa pwani. Nimeona ngalawa zikihesabiwa lakini watu waliomo hawahesabiwi. Nimeona vijana wakiondoka bila jaketi la kuokolea maisha hata moja, na hakuna boti ya kuwafuata. Ukiuliza, unajibiwa kwamba wazee wetu walishindana hivyo hivyo na wakarudi salama.

Jibu hilo linasahau jambo moja. Wazee wetu walijua kusi na kaskazi, na asubuhi wakiona bahari imechafuka walibaki nyumbani. Katika mashindano, nahodha hana uhuru huo. Saa ya kuondoka imepangwa kwenye ratiba, mgeni rasmi ameketi, zawadi inangoja, na jirani yake amekwisha pandisha tanga. Nani atakubali kuitwa mwoga mbele ya kijiji kizima? Kwa hiyo uamuzi wa kuahirisha lazima uwe wa waandaaji, siyo wa kijana anayetamani mashine ya boti.

Napendekeza mambo manne. Kwanza, waandaaji wasikilize taarifa ya hali ya hewa, na wawe na madaraka ya kuahirisha hata kama mgeni rasmi amefika. Pili, majina ya wote waliomo yaandikwe, na yahakikishwe tena wakirudi. Tatu, asiye na jaketi asiruhusiwe kuondoka. Nne, ziwepo boti mbili za mashine za kuwafuata washindani, siyo za kubebea wageni. Fedha zikipungua, zawadi ipunguzwe.

Sipingi mashindano haya. Ni michezo yetu ya asili na yanatakiwa yaendelee. Lakini tahadhari ni kabla ya hatari, na wanaohusika wasingoje kuunda kamati ya uchunguzi.

Mwana wa Pwani,
Bagamoyo.