Eksirei ya meno haisomwi kwa kukariri

Mkazi wa Diani au Lungalunga anayeumwa na jino, akafika hospitali ya rufaa ya Msambweni, hutarajia jambo moja: jino bovu litambuliwe na lililo zima liachwe. Ni haki yake, kwani jino la ukubwani likishang'olewa halioti tena.

Uamuzi huo mara nyingi hutegemea picha ya eksirei, na picha hiyo ina hila zake. Chukua mfano wa magego madogo ya taya la chini, yaliyo nyuma ya chonge. Karibu na ncha za mizizi yake pana tundu la kawaida kwenye mfupa, linalopitisha mshipa wa fahamu uendao kidevuni na mdomoni. Katika eksirei tundu hilo huonekana kama doa jeusi. Jipu lililokula mfupa nalo huonekana vivyo hivyo. Asiye na uzoefu aweza kung'oa jino lisilo na kosa.

Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa kikifundisha madaktari wa meno tangu mwaka 1974. Maoni yangu ni kwamba, popote somo hili linapofundishwa, mhadhara peke yake hautoshi. Mwalimu akionyesha picha na kutaja ugonjwa papo hapo, wanafunzi hunakili jibu wala hawajifunzi kutazama.

Njia bora ni hii. Kila mwanafunzi apewe picha, aandike anachokiona na sababu zake kabla mwalimu hajafungua kinywa. Kisha wajadiliane wanne wanne, kila mmoja atetee jibu lake. Mmoja atauliza: je, jino likiguswa na kitu baridi, mgonjwa anahisi? Mwingine atataka picha ya pili iliyopigwa kwa pembe tofauti, kwa maana doa la tundu huhama kwenye ncha ya mzizi, ilhali la jipu hubaki palepale. Mwishowe mwalimu aeleze kilichopatikana kinywani mwa mgonjwa.

Wako watakaosema njia hii hula wakati. Ni kweli, picha 5 zaweza kumaliza saa nzima. Lakini heri picha 5 zilizoeleweka kuliko 50 zilizopita machoni tu. Daktari atakayepelekwa Kwale huenda asiwe na mwalimu kando yake.

Wakuu wa vyuo na walitie jambo hili maanani. Kuuliza si ujinga, na ni afadhali kosa litokee darasani kuliko kinywani mwa mgonjwa.