Kozi Moja Inakudai Saa Ngapi?
Kila semesta ikianza nasikia wenzangu: “Safari hii natoka na 4.4.” Sawa, ila hayo ni matokeo, siyo mpango. Mpango uko kwenye krediti. Kwa utaratibu wa TCU krediti 1 ni saa 10 za kusoma, vipindi vikiwemo. Kozi ya krediti 12, basi, inakudai saa 120. Kwa wiki 15 ni saa 8 kila wiki. Toa vipindi, tuseme 4. Zinabaki 4 zako mwenyewe. Umeziweka wapi? (Boom likiingia ndo kabisa, madaftari yanapewa likizo.) Madesa ya siku tatu kabla ya UE hayalipi deni hilo. Mimi ningeanza na kozi moja tu, ile inayonitisha, Jumatatu hii.