Hoteli kando ya Ziwa Kivu: bustani inapandwa kwa faida ya nani?

Ukipita kwa boti mbele ya Goma ama Bukavu, pahali pengi unaona kitu kimoja: ukuta wa mawe, nyuma yake peluzi iliyokatwa vizuri, kisha mitende ya mapambo na bugenvilia. Matete ambayo wavuvi wazee walizoea yameondolewa. Mwenye parseli kando ya maji anataka hoteli, ama angalau sale ya kufanyia ndoa. Kutafuta pesa si kosa. Swali ni nani analipia ile bustani.

Goma imejengwa juu ya lava. Udongo ni kidogo, na maji ya mvua yanazama haraka katikati ya mawe. Peluzi pahali kama hapo inaomba udongo wa kuletwa na gari, tena kumwagiliwa siku kwa siku wakati wa kiangazi. Na katika mji huohuo watoto wanabeba bidoni kutoka ziwani, kipindupindu nacho hakiishi. Lakini kuna mimea inayojua lava tangu zamani. Pale lava ya 2002 ilipopita, hakuna mtu alimwagilia kitu: kuvu-mwani ya kijivu ilitangulia, ikafuata majani ya feni, kisha vichaka. Bustani ya namna hiyo haiombi bidoni hata moja.

Kuna pia maneno ya samaki. Tilapia inatagia kwenye maji mafupi, na watoto wake wanajificha ndani ya matete. Matete yanashika pia udongo unaotelemka na mvua. Ukiyangoa na kuweka beto, mvuvi wa jirani ndiye anapoteza, hata kama hajawahi kuingia katika ile hoteli. Tena si kila kigeni ni kibaya: sambaza wenyewe waliletwa toka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndio wanalisha familia nyingi. Ubaya ni kungoa bila kujua kinachotoka.

Mfano wa kufanya kinyume hauko mbali. Ngambo ya mpaka, karibu na Kinigi, hoteli ya Bisate ilifunguliwa 2017 juu ya mlima mdogo uliokuwa mashamba. Wenye hoteli walianza kutoa mikaratusi na kurudisha miti ya volkano: mugeshi, mianzi na mingine, makumi ya maelfu ya miche. Msitu mdogo ukaanza kurudi, na ndege pamoja nao. Lakini ni hoteli ya bei kali sana, na ardhi ile wakulima waliiuza. Msitu ulirudi, mashamba ya viazi yakaenda. Mwenye kusifu ile kazi aseme na hilo.

Upande wa Kongo, Mikeno Lodge ya Rumangabo ilichukua njia rahisi zaidi: vyumba viliwekwa ndani ya msitu uliokuwako, na miti ikaachwa. Nyani wa mbega wanaruka juu ya paa. Kuacha mti mzee kunapita kupanda mia, maana mugeshi haukui kwa haraka ya mwenye hoteli. Vita ndiyo ilifunga mlango pale, si ukosefu wa uzuri.

Shida nyingine ni miche. Tangu 2007 mradi wa EcoMakala wa WWF umesaidia wakulima kupanda miti kandokando ya Virunga, zaidi ile inayokua mbio kama mikaratusi, ili makala yasitoke ndani ya mbuga. Sababu ilikuwa nzuri. Matokeo moja ni kwamba wenye pepinieri wanajua sana mikaratusi na grevilea, zote za Australia, kuliko muko ama musave. Hapo hoteli zingesaidia kweli: zikiagiza miche ya kienyeji mwaka mmoja mbele, mama wa pepinieri atakusanya mbegu, maana anajua kuna mnunuzi. Bila oda, atapanda kinachouzika sokoni.

Sheria iko. Ile ya 9 Julai 2011 juu ya mazingira inaomba uchunguzi wa madhara kabla ya mradi mkubwa kuanza, na raia wasikilizwe. Ile ya Februari 2014 juu ya uhifadhi inagusa hata mimea ya kigeni inayovamia. Jirani wa ujenzi ana haki ya kuuliza ule uchunguzi uko wapi, na ukingo utabaki na nini.

Atauliza nani, hapo ndipo kazi iko. Tangu M23 iingie Goma Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, ofisi zinazotegemea Kinshasa hazina mkono pale, na karatasi iliyotiwa sahihi na upande mmoja inaweza kukataliwa na upande mwingine kesho. Mwenye pesa ya kujenga hangojei hilo liishe. Matete yanangolewa kwa siku mbili, kwa jembe na panga.