Mawe Yamelindwa, Maji Je?

Toleo hili linahusu majengo ya kuogea, nami ninaanza na lile ambalo wanafunzi wengi wa usanifu majengo wamelisoma kwa picha: bafu la maji moto la Vals, kijiji cha milimani katika jimbo la Graubünden, Uswisi. Picha zake ni nzuri mno, na zimetuzoesha kulitazama kama sanamu.

Msanifu wake, Peter Zumthor, alianza na useremala katika karakana ya baba yake, na mkono wa seremala unaonekana. Kuta ni za kwatizaiti ya kijivu iliyochimbwa bondeni humo humo, jiwe lile lile linaloezekea nyumba za kijiji. Lilikatwa mabamba membamba yapatayo 60,000, ya unene wa aina tatu, ambayo matatu yakipangwa pamoja na saruji yake hufika sentimita 15 kamili. Kwa hiyo mafundi waliweza kubadilisha mpangilio wa matabaka kila mara bila kuvuruga kipimo cha ngazi wala cha mlango. Darini zimeachwa nyufa nyembamba zenye kioo, na mwanga huteremka ukutani kama uzi. Juu ya paa ni nyasi. Ndani, bwawa la katikati lina nyuzi joto 32. Chumba kimoja chenye kuta nyekundu kina maji ya nyuzi 42, na kingine kina baridi ya nyuzi 14. Tofauti hiyo huijui mpaka uingie majini.

Lakini linalonigusa zaidi ni suala la umiliki. Mwaka 1983, hoteli iliyojengwa penye chemchemi ya maji moto ya kijiji miaka ya 1960 ilikuwa imefilisika, na kijiji chenye watu kama elfu moja kikainunua. Ni kijiji kilichompa Zumthor kazi, kikavumilia miaka ya michoro na hesabu, na bafu likafunguliwa mwaka 1996. Miaka miwili tu baadaye likawekwa chini ya ulinzi wa urithi, heshima ambayo jengo changa huipata kwa nadra. Kisha mwaka 2012 mkutano wa kijiji ukapiga kura kumuuzia mwekezaji bafu hilo pamoja na hoteli, ukaliacha ombi la ununuzi la kundi alilokuwamo Zumthor mwenyewe. Leo linaitwa 7132, namba ya posta ya kijiji, na hoteli yake ni ya nyota tano.

Siwalaumu wanakijiji, kuendesha hoteli ni mzigo mzito kwa watu wachache. Ila ulinzi ule uliwekwa juu ya jengo. Suala la nani ataingia majini, na kwa bei gani, liliachiwa mnunuzi.

Zanzibar tunalijua hili vizuri. Bafu za Hamamni, zilizojengwa enzi za Sultani Barghash ili watu wote waoge, leo zimehifadhiwa, wageni hulipa kiingilio, na mabirika ni makavu. Naona tumehifadhi nusu ya kitu. Jengo la kuogea likitangazwa urithi, masharti ya ulinzi yanapaswa kutaja maji yenyewe, pamoja na nafasi na bei ya mwenyeji. Waandishi wa toleo hili tumewaomba waeleze, kwa kila jengo watakalolizungumzia, ni nani anayeoga humo, nani analipa gharama, na nani anaamua mlango ufunguliwe saa ngapi.